Makombo ya Kila Zama: Historia ya Chakula cha Mbwa

Kiswahili huita makombo vyakula vinavyobaki baada ya walaji kushiba, na kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu na mbwa neno hilo moja lilitosha kujibu swali la mnyama huyo ale nini. Swali la pili, yaani chakula kipi kinamfaa mbwa kiafya na nani mwenye mamlaka ya kulijibu, ni changa zaidi: lilipata uzito katika karne ya 19, pale chakula cha mbwa kilipoanza kutengenezwa kiwandani, kupewa jina la biashara na kutangazwa. Hata hivyo, mtu akiifuata historia hiyo hatua kwa hatua ataona kwamba makombo hayakukoma, ila yalibadilika sura. Mkate wa shayiri wa Roma, biskuti za London, nyama ya farasi wa Illinois na punje kavu za St. Louis vyote vilitokana na shughuli ambazo binadamu alizianzisha kwa ajili yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo mbwa amekuwa mshirika wa meza ya binadamu katika mema yake na katika sumu zake pia, na mara nyingi amezionja sumu hizo kabla ya bwana wake.

Ushirika huo wa meza umekitangulia kilimo. Mabaki ya mbwa yaliyofukuliwa Oberkassel, karibu na Bonn nchini Ujerumani, pamoja na mifupa ya watu wawili, yamekadiriwa kuwa na umri wa miaka ipatayo 14,000, kwa hiyo mbwa aliishi na kuzikwa pamoja na wawindaji miaka elfu kadhaa kabla ya mkulima wa kwanza kupanda ngano au shayiri. Kilimo kilipokuja kilimbadilisha mnyama huyo hadi ndani ya mwili. Mwaka 2013 timu ya watafiti iliyoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, ilimlinganisha mbwa wa kufugwa na mbwa mwitu wa Ulaya na Asia, ambaye ndiye ndugu yake wa ukoo na ambaye hapaswi kuchanganywa na mbwa mwitu wa mbuga za Afrika. Mbwa mwitu alikutwa kwa kawaida na nakala 2 tu za jeni iitwayo AMY2B, inayoelekeza kongosho kutengeneza amilesi, yaani kimeng'enya kinachovunja wanga wa nafaka na mizizi ili mwili uweze kuutumia, ilhali mbwa waliochunguzwa walikuwa na nakala kuanzia 4 hadi 30. Maelfu ya miaka ya kuokota uji, mikate na maganda kando ya nyumba za wakulima yamemwacha mbwa na tumbo linaloweza kuimudu nafaka, ingawa bado anahitaji protini na mafuta.

Miongoni mwa maandishi ya kale yenye maelekezo ya wazi juu ya jambo hili ni vitabu vya kilimo vya Waroma. Marcus Terentius Varro, aliyeandika kitabu chake mwaka 37 kabla ya Kristo, aliwashauri wafugaji wawape mbwa wanaolinda kondoo mkate wa shayiri uliolowekwa katika maziwa, akataja pia mchuzi wa mifupa na mifupa iliyopondwa, na akaonya wasiachiwe kula nyama ya kondoo aliyekufa. Sababu zake zilikuwa za kiusalama kuliko za kiafya, kwa kuwa mbwa mwenye njaa huliacha kundi akaenda kujitafutia, na aliyeonja kondoo mfu anaweza kumgeukia aliye hai. Karne moja hivi baadaye Columella alipanga lishe ya mbwa kwa kutazama shamba linazalisha nini: shamba lenye mifugo liwape unga wa shayiri uliochanganywa na maji yanayobaki maziwa yakishagandishwa kuwa jibini, na shamba la miti lisilo na malisho liwape mkate wa ngano uliochanganywa na maji ya maharage yaliyochemshwa, ila yawe vuguvugu, kwa kuwa aliamini kwamba chakula cha moto huleta kichaa cha mbwa. Imani hiyo ilikuwa potofu, kwani ugonjwa huo huletwa na virusi, lakini mapishi yenyewe yalikuwa na busara ambayo sayansi iliithibitisha baadaye sana. Protini hujengwa kwa viungo vidogo viitwavyo asidi amino, na nafaka zina upungufu wa kimojawapo, laisini, ambacho maziwa na maharage yanacho kwa wingi. Mkulima wa Kiroma hakujua lolote kuhusu laisini, bali aliangalia mbwa gani alikuwa na nguvu za kukesha.

Katika Ulaya ya zama za kati tofauti za tabaka ziliingia hata katika bakuli la mbwa. Mbwa wa mkulima aliendelea kula alichookota, huku mbwa wa kuwindia wa makabaila wakijengewa mabanda, wakipewa watumishi na kuokewa mkate wao. Gaston Phébus, mtawala wa Foix kusini-magharibi mwa Ufaransa, aliyetunga kitabu chake cha uwindaji kati ya 1387 na 1389, alieleza kwa kirefu malazi, matunzo na maradhi ya mbwa hao. Baada ya mawindo kulikuwa na desturi iliyoitwa curée, jina lenye asili ya neno la Kifaransa la ngozi: mnyama akishachunwa, matumbo yake na mkate uliolowekwa katika damu viliwekwa juu ya ngozi yake, na mbwa wakaruhusiwa kula kwa amri. Chakula hicho kilikuwa ujira na mafunzo kwa wakati mmoja, kwa kuwa kilimfundisha mbwa kuwa mawindo ni ya bwana, na kwamba fungu lake ni kile bwana alichokiacha.

Makombo yaligeuka kuwa bidhaa ya sokoni pale watu wengi walipohamia mijini. Katika London ya katikati ya karne ya 19, ambayo ilitegemea farasi kwa usafiri na mizigo, farasi waliozeeka au kuvunjika miguu waliishia katika machinjio maalumu, nyama yao ikachemshwa na kuuzwa mitaani na wachuuzi waliopita mlango kwa mlango wakiwalisha paka na mbwa wa mji. Henry Mayhew, aliyechapisha uchunguzi wake juu ya maskini wa London mwaka 1851, aliwaeleza wachuuzi hao kama watu wenye ujuzi na wateja wao wa kudumu. Kwa mara nyingine mbwa alikula mabaki, safari hii yakiwa mabaki ya usafiri.

Katika mazingira hayo ndipo alipoingia James Spratt, mfanyabiashara wa Cincinnati, Ohio, aliyefika London kuuza vyuma vya kukingia radi. Husimuliwa kwamba aliona mbwa wa bandarini wakigombania biskuti za merikebu, yaani vile vipande vigumu vya unga na maji vilivyookwa hadi vikakauka kabisa ili vidumu miezi mingi baharini, akapata wazo la kutengeneza biskuti za mbwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 alianza kuuza keki ngumu za unga wa ngano, mboga, viazisukari na nyama iliyokaushwa, ambayo matangazo yake yaliihusisha na ng'ombe wa nyika za Marekani. Bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida, na walengwa walikuwa mabwana waliofuga mbwa wa kuwindia na wa maonyesho. Kijana mmoja aliyeajiriwa katika kampuni hiyo, Charles Cruft, aliandaa maonyesho yake ya kwanza ya mbwa nchini Uingereza mwaka 1886, na kuanzia 1891 maonyesho hayo yakabeba jina lake mwenyewe, ambalo yanalo hadi leo. Mwezi Januari 1889 tangazo la Spratt lilikuwa limeshika jalada la mbele la toleo la kwanza la gazeti la klabu kuu ya wafugaji mbwa ya Marekani. Biashara ya chakula na biashara ya mbwa wa nasaba zilikua zikishikana mikono.

Mchango mkubwa zaidi wa Spratt katika historia hii ulikuwa hoja aliyoijenga kuzunguka biskuti yake. Matangazo ya kampuni yaliwaonya wenye mbwa kwamba mabaki ya mezani huharibu mmeng'enyo wa mnyama, na kwamba nyama mbichi nyingi si salama, kwa hiyo afya ya mbwa ilihitaji bidhaa iliyobuniwa kwa ajili yake. Kwa mara ya kwanza makombo, ambayo yalikuwa yamemlisha mbwa tangu kale, yalitajwa kuwa hatari, na aliyeyataja hivyo alikuwa muuzaji wa kitu mbadala. Hoja hiyo haikuwa na ushahidi wa kimaabara, kwa kuwa wakati huo sayansi ya lishe ilikuwa bado haijazijua vitamini, lakini ilijenga mazoea ya kudumu: mwenye mbwa ajitilie shaka yeye mwenyewe, kisha aiamini karatasi ya kopo au mfuko.

Kabla ya wafanyabiashara kujenga soko, na hata walipokuwa wakilijenga, mbwa alikuwa akitumika katika maabara kujibu maswali ya lishe ya binadamu, na sehemu kubwa ya kile kinachojulikana leo kuhusu chakula chenye afya ilipatikana kwa mateso yake. Mwaka 1816 François Magendie, mwanafiziolojia wa Paris, alimlisha mbwa sukari nyeupe na maji yaliyokenekwa peke yake. Mnyama alikonda, macho yake yakapata vidonda, na akafa baada ya takriban mwezi mmoja. Majaribio ya namna hiyo kwa mafuta ya zeituni na siagi yalimfikisha Magendie kwenye hitimisho kwamba mwili unahitaji vyakula vyenye naitrojeni, kundi ambalo leo huitwa protini. Mwaka 1841 tume ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, ambayo Magendie alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ilitoa taarifa kwamba jelatini inayochemshwa kutoka kwenye mifupa, iliyokuwa ikitolewa kwa maskini kama badala ya nyama, haikuweza peke yake kumweka mbwa hai. Hapo bakuli la mbwa liliamua hoja kuhusu supu ya maskini.

Karne iliyofuata ilileta mifano mingine mizito. Kati ya 1918 na 1919 Edward Mellanby, akifanya kazi London, alitangaza kwamba watoto wa mbwa waliofungiwa ndani na kulishwa vyakula vya nafaka walipata matege, yaani ulaini na kupinda kwa mifupa, na kwamba mafuta ya ini la samaki yaliwakinga; kutokana na kazi hiyo na ya wenzake vitamini D ilikuja kutambuliwa. Huko kusini mwa Marekani mamia ya maelfu ya watu waliokula mahindi kama chakula chao kikuu waliugua pelagra, maradhi yanayochubua ngozi, kuharibu tumbo na kuvuruga akili. Joseph Goldberger aliona kwamba mbwa waliolishwa chakula cha aina hiyohiyo walipatwa na ugonjwa wa ulimi mweusi, uliofanana na pelagra, na mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin akauponya ugonjwa huo wa mbwa kwa asidi nikotini, ambayo ni mojawapo ya vitamini za kundi B. Mahindi yanayo vitamini hiyo, lakini kwa sehemu kubwa imefungwa kwa namna ambayo mwili hauwezi kuifikia. Somo hilo linaigusa moja kwa moja Afrika Mashariki, ambako mbwa wengi wa ulinzi hulishwa ugali: ugali mtupu wa kila siku huishibisha njaa na kuuacha mwili na upungufu, ilhali dagaa, utumbo au mabaki ya samaki yanayochanganywa nao huziba pengo ambalo macho ya mlishaji hayalioni.

Mfano wa ajabu kuliko yote ulihusu unga mweupe. Kwa miaka mingi viwanda vya kusaga ngano vya Uingereza na Marekani vilitumia gesi ya trikloridi ya naitrojeni, iliyojulikana kibiashara kama agene, ili kuharakisha weupe na ukomavu wa unga, na katika miaka hiyohiyo wafugaji walilalamika kwamba mbwa wao, hasa waliokula biskuti na mikate, walipatwa na wazimu wa ghafla, wakabweka ovyo, wakakimbia bila mwelekeo na kuanguka kwa kifafa. Mwaka 1946 Mellanby alionyesha kwamba unga uliopitishwa katika gesi hiyo ndio uliosababisha hali hiyo, na katika miaka iliyofuata nchi hizo mbili ziliiacha gesi hiyo. Mkate ule ule ulikuwa ukiliwa na mamilioni ya watu.

Huku sayansi ikipiga hatua, malighafi ya soko iliendelea kufuata mabadiliko ya maisha ya binadamu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia magari na matrekta yaliwaondoa farasi katika barabara na mashamba ya Marekani, na mwaka 1922 ndugu wa ukoo wa Chappel, huko Rockford, Illinois, wakaanza kuuza nyama ya farasi ya makopo kwa jina la Ken-L Ration. Katika miaka ya 1930 makopo yalishika sehemu kubwa ya soko la Marekani, hadi Vita vya Pili vya Dunia vilipolikata. Bati, ambalo lilitoka kwa wingi Malaya na visiwa vya jirani, liliangukia mikononi mwa Wajapani, na mwaka 1942 serikali ya Marekani ikakataza litumike kwa makopo ya chakula cha mbwa. Nchini Uingereza hali ilikuwa ngumu zaidi: mamia ya maelfu ya mbwa na paka waliuawa na wenyewe katika siku za mwanzo za vita mwaka 1939, na kuanzia 1940 kupoteza chakula kinachoweza kuliwa na mtu, pamoja na kukipa mnyama, kulifanywa kosa la jinai. Vita vilirudisha kwa nguvu ya sheria kanuni ya Columella kwamba mbwa ale kinachobaki.

Marufuku ya bati iliwarudisha watengenezaji kwenye chakula kikavu, na amani ilipokuja hawakukiacha, kwa kuwa kilikuwa chepesi kusafirisha na rahisi kuhifadhi. Hatua ya uamuzi ilichukuliwa na kampuni ya Ralston Purina ya St. Louis, Missouri, iliyokuwa imeanza mwaka 1894 kwa kuuza chakula cha farasi na nyumbu, na ambayo baadaye iliingia katika nafaka za kifungua kinywa. Wahandisi wake waliichukua mashine iliyotumika kutengenezea nafaka hizo wakaigeuza kwa matumizi ya mbwa. Unga wa nafaka, unga wa nyama na mafuta huchanganywa na maji na mvuke, husukumwa na skrubu kubwa ndani ya bomba lenye joto na shinikizo, kisha hutoka kupitia matundu madogo, na kwa kuwa shinikizo hukatika ghafla, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kuivimbisha punje, ambayo hukatwa, hukaushwa na kupakwa mafuta ili inukie. Joto hilo huuivisha wanga kiasi kwamba mbwa aweze kuumeng'enya vizuri, na mwaka 1957 bidhaa hiyo iliingia sokoni kwa jina la Purina Dog Chow. Punje kavu iliyoko leo katika maduka makubwa ya Nairobi na Dar es Salaam hutengenezwa kwa kanuni hiyohiyo.

Punje hiyo ilileta dai jipya. Ikiwa mbwa atakula kitu kimoja asubuhi na jioni maisha yake yote, basi kitu hicho lazima kiwe na kila anachohitaji, kwa kuwa hakuna mlo mwingine wa kukisahihisha. Hapo ndipo lilipopata nguvu neno la Kiingereza linaloweza kutafsiriwa kama chakula kamili chenye uwiano, na pamoja nalo taasisi za kulipima. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani limetoa kwa nyakati tofauti majedwali ya mahitaji ya lishe ya mbwa, likiwemo toleo la 1985 na lile pana zaidi la 2006, na muungano wa maafisa wa udhibiti wa vyakula vya wanyama wa nchi hiyo, AAFCO, ulioanzishwa mwaka 1909, huweka viwango vya lebo. Kwa mujibu wa viwango hivyo chakula cha mbwa mzima kinapaswa kuwa na protini isiyopungua asilimia 18 ya uzito wake usio na maji, na cha mtoto wa mbwa au mbwa mwenye mimba asilimia 22.5. Mtengenezaji anaweza kulithibitisha dai lake kwa mahesabu ya viambato au kwa kuwalisha wanyama. Katika njia ya pili, kwa chakula cha mbwa mzima, mbwa wasiopungua 8 hula chakula hicho pekee kwa wiki 26, angalau 6 wamalize jaribio, na wapimwe uzito na vipimo vinne vya damu. Msomaji wa lebo anayejua hivyo hutambua kwamba neno kamili lina maana finyu na ya kweli: halisemi kuwa chakula ni bora, bali linasema kwamba kimefikia kiwango cha chini kilichowekwa.

Sambamba na hilo lilizaliwa wazo la chakula kama dawa. Mwaka 1939 daktari wa wanyama wa New Jersey, Mark Morris, alimtibu Buddy, mbwa mwongozaji wa kipofu Morris Frank, aliyekuwa na ugonjwa wa figo, kwa kumpikia chakula chenye protini na chumvi kidogo. Chakula hicho kiliwekwa kwanza katika chupa za kioo, na mwaka 1948 kikaanza kutengenezwa kwa wingi na kampuni ya Hill huko Topeka, Kansas. Kwa njia hiyo daktari wa wanyama aliingia miongoni mwa wenye mamlaka juu ya bakuli, akiwa na hoja iliyo tofauti na ya Spratt: badala ya chakula kimoja kwa mbwa wote, alitazama mwili wa mbwa mmoja. Utafiti uliofanyika Utrecht, Uholanzi, katika miaka ya 1980 uliongeza uzito wa hoja hiyo ulipoonyesha kwamba watoto wa mbwa wa aina kubwa sana wakipewa kalsiamu kupita kiasi mifupa yao hukua vibaya, ingawa wafugaji wengi waliamini kwamba kalsiamu ikizidi ndivyo mifupa inavyoimarika.

Hata hivyo, vipimo navyo viliweza kudanganywa. Tangu 1883, Johan Kjeldahl wa maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen alipovumbua njia ya kupima naitrojeni, viwanda vimekuwa vikikadiria protini kwa kuhesabu naitrojeni iliyomo, jambo linalotokana na fundisho lile lile la Magendie. Mwaka 2007 iligunduliwa kwamba gluteni, yaani protini ya ngano, iliyoingizwa Amerika Kaskazini kutoka China ilikuwa imetiwa melamini, kemikali ya plastiki yenye naitrojeni nyingi na isiyo na lishe yoyote. Ikichanganyika na asidi ya sianuriki iliunda fuwele ndani ya figo, na makopo na pakiti zaidi ya milioni 60 zikaondolewa sokoni baada ya mbwa na paka wengi kufa. Mwaka uliofuata melamini hiyohiyo ilikutwa katika maziwa ya watoto nchini China, ikawafanya watoto wapatao 300,000 waugue na kuwaua 6.

Sumukuvu inasimulia kisa kinachofanana na hicho. Sumu hii hutengenezwa na kuvu inayoota juu ya mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri, na ilitambuliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga. Ugonjwa wa ini uliokuwa umewaua mbwa kusini-mashariki mwa Marekani katika miaka ya 1950 ulieleweka baadaye kuwa ulitokana na chanzo hichohicho. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao wakafa. Desturi iliyoenea ya kuyatenga mahindi yaliyoota ukungu ili wapewe kuku na mbwa ina hatari ya wazi kwa mujibu wa historia hii, kwa kuwa joto la jiko haliiondoi sumu hiyo, na ini la mbwa huathirika kama la mtu.

Katika Afrika Mashariki swali la chakula cha mbwa lilichukua njia yake. Mwambaoni, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafii yanayohesabu mate ya mbwa kuwa najisi huku yakiruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda, bakuli la mbwa lilitengwa na vyombo vya nyumba, na mnyama mwenyewe akabaki nje. Bara, mbwa wa mfugaji na wa mwindaji aliendelea kupata mifupa, matumbo na uji. Mfuko wa punje kavu ulipofika mijini haukuyafuta mazoea hayo, na nyumba nyingi huchanganya yote mawili. Mlo wa kupikwa nyumbani unaweza kumlea mbwa vizuri iwapo una nyama au samaki wa kutosha pamoja na wanga, na usipotiwa vitunguu, ambavyo huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, wala chokoleti na zabibu, ambazo mwili wa binadamu huzistahimili na wake hauwezi. Kosa la Spratt la kulaani makombo yote lina mwenzake katika kosa la kuyaamini yote.

Mwishoni mwa karne ya 20 lilizuka vuguvugu la kuikataa punje yenyewe. Mwaka 1993 daktari wa wanyama wa Australia, Ian Billinghurst, alichapisha kitabu kilichohimiza nyama mbichi na mifupa, kwa hoja kwamba mbwa arudishwe kwenye lishe ya mababu zake, na wapinzani wake wakajibu kwa hofu ya bakteria wa salmonela na mifupa inayotoboa utumbo. Baadaye soko likajaa punje zisizo na nafaka, ambamo dengu na njegere zilichukua nafasi ya mahindi na ngano, ingawa ugunduzi wa Uppsala ulikuwa umeonyesha kwamba mbwa amezoea wanga kwa maelfu ya miaka. Mwezi Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kwamba inachunguza uwezekano wa uhusiano kati ya vyakula hivyo na ugonjwa wa moyo kutanuka na kudhoofika, na mwishoni mwa 2022 ikaeleza kwamba takwimu zilizopo hazitoshi kuthibitisha kisababishi. Mjadala haujafungwa, lakini umbo lake linafahamika: mlo usio na nafaka ulikuwa kwanza mtindo wa binadamu, kisha ukashuka hadi sakafuni.

Matokeo yaliyo thabiti kuliko mengi katika historia hii yalihusu kipimo kuliko aina ya chakula. Katika utafiti uliogharamiwa na Purina na kuchapishwa mwaka 2002, mbwa 48 wa aina ya Labrador waligawanywa jozi jozi tangu wakiwa wadogo, mmoja wa kila jozi akapewa chakula kilekile kikiwa pungufu kwa asilimia 25, na wote wakafuatiliwa hadi kufa. Umri wa wastani wa kati wa waliolishwa zaidi ulikuwa miaka 11.2, na wa waliolishwa pungufu miaka 13, tena maradhi ya viungo yakichelewa kuwapata. Chakula hakikutofautiana hata kidogo. Kilichotofautiana ni mkono uliokipima. Varro alimwogopea mbwa njaa, kwa kuwa mchungaji wa Roma alikuwa na kidogo cha kugawa, ilhali mwenye mbwa wa mjini leo, aliyezungukwa na mifuko, makopo na makombo ya meza iliyojaa, ana sababu ya kuogopa kinyume chake kila anapoinama kulijaza bakuli.